Ulumbi, Hadhira na Uchochezi: Hotuba za Brutus na Antony katika Darasa la Sachangwan

IKISIRI

Makala haya yanachunguza hotuba mbili zinazotolewa mbele ya maiti ya Caesar katika Tendo la Tatu, Onyesho la Pili, la tamthilia ya William Shakespeare iitwayo Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius K. Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili. Hotuba hizo hufundishwa mara nyingi kama mfano wa ufundi wa kushawishi, na mwanafunzi hutakiwa kutaja mbinu zilizotumika. Makala yanadai kwamba ufundishaji wa namna hiyo hukomea njiani, hasa katika eneo kama Sachangwan, ambako matokeo ya maneno ya majukwaani yameonekana waziwazi. Inapendekezwa kwamba hotuba zisomwe pamoja na maonyesho mawili yanayofuata, na kwamba hadhira ichunguzwe kwa makini yale yale anayochunguzwa nayo mnenaji.

1.0 UTANGULIZI

Sachangwan ipo kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, karibu na mji wa Molo, katika nchi ya baridi inayolima viazi na pareto. Wakenya wengi walilijua jina hilo tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka mahali hapo na moto ukawaka huku watu wakichota petroli. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Hata hivyo, mwaka mmoja tu kabla ya msiba huo, eneo la Molo na Kuresoi lilikuwa limepitiwa na moto wa aina nyingine, yaani machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wala hayo hayakuwa ya kwanza: eneo hilo lilishuhudia mapigano mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 1997. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko ya 2007 na 2008. Mamia ya maelfu walihama makwao.

Nyumba hazikuchomwa na maneno peke yake. Palikuwa na migogoro ya ardhi, umaskini, na siasa za kugawanya watu kwa makabila. Lakini maneno yalitangulia. Yalisemwa katika mikutano, yakaandikwa katika vijikaratasi, yakatumwa kwa simu na kurushwa redioni. Kwa sababu hiyo, mwalimu anayesimama mbele ya darasa la sekondari katika eneo hili na kufundisha jinsi Antony anavyougeuza umati wa Roma, anafundisha jambo ambalo wazazi wa wanafunzi wake wanalijua bila kulisoma kitabuni.

Swali la msingi la makala haya ni hili: je, somo la hotuba hizi linamfundisha mwanafunzi kuwa mnenaji stadi tu, au linamfundisha pia kuwa msikilizaji asiyechukuliwa kama jani na upepo?

2.0 USULI WA TAMTHILIA NA TAFSIRI

Tamthilia ya Julius Caesar ilikuwa jukwaani London mwaka 1599. Shakespeare alichota habari zake hasa kwa Plutarch, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka 1579. Tukio lenyewe la kihistoria, kuuawa kwa Caesar, lilitokea tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K.

Tafsiri ya Kiswahili ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1963, na toleo lililosahihishwa likatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuzingatia kwamba mfasiri huyu hakuwa msomi wa maktabani tu. Mwaka 1963 alikuwa Rais wa Tanganyika, na kabla ya hapo alikuwa amezunguka nchi nzima akizungumza na umma kudai uhuru. Alijua kwa vitendo uzito wa neno linalosemwa mbele ya watu wengi. Kiswahili, lugha aliyoitumia majukwaani, ndiyo aliyowavisha Brutus na Antony. Kwa hiyo hotuba hizi si mali ya somo la Kiingereza peke yake. Zina nafasi yake katika fasihi tafsiri ya Kiswahili, na zinaweza kuchambuliwa kwa istilahi za balagha ambazo Kiswahili kinazo.

3.0 HOTUBA YA BRUTUS: DAI LISILO NA USHAHIDI

Wachambuzi wengi humsifu Brutus kwa unyofu na kumlaumu kwa ubaridi. Husemwa kwamba alitumia akili na Antony akatumia hisia. Mgawanyo huo ni mwepesi mno. Hotuba ya Brutus ikisomwa kwa utulivu, huonekana kwamba hoja zake ni haba.

Brutus anasema kwa nathari, si kwa ushairi. Sentensi zake zimepangwa kwa ulinganifu: pendo kwa machozi, ushujaa kwa heshima, uchu wa madaraka kwa kifo. Ulinganifu huo huvutia sikio na kumfanya msikilizaji aone kana kwamba jambo limethibitishwa. Lakini uthibitisho wenyewe haupo. Brutus anadai kwamba Caesar alikuwa na uchu wa madaraka, asitaje tendo hata moja la kuonyesha uchu huo. Anasema tu kwamba sababu za kifo zimehifadhiwa katika Kapitoli. Raia anaambiwa kwamba ushahidi upo, ila haupo hapa.

Mbinu yake ya pili ni swali la balagha. Anauliza ni nani aliye duni kiasi cha kupenda kuwa mtumwa, ni nani asiyeipenda nchi yake, kisha anangoja jibu. Jibu la kupinga haliwezi kuja, kwa kuwa atakayelitoa atakuwa amejivika uduni au usaliti mbele ya watu. Swali hili linafunga mdomo wa anayeulizwa. Umati unajibu kwamba hakuna, na jibu hilo linahesabiwa kuwa kibali.

Jambo la tatu ni la ndani zaidi. Katika Tendo la Pili, akiwa peke yake usiku, Brutus anakiri kwamba hamjui Caesar kwa kosa lolote la namna hiyo. Anachohofia ni kile ambacho Caesar angeweza kuwa baadaye, na anamfananisha na yai la nyoka ambalo halijaanguliwa. Basi hotuba ya hadhara inageuza hofu ya kesho kuwa kosa la jana. Msomaji wa Bonde la Ufa anaijua hoja hiyo: tuwawahi kabla hawajatuwahi.

Umati unampigia makofi. Mmoja wao anataka Brutus awe Caesar. Raia huyo ameupenda usemi na hakuielewa hoja, kwa maana Brutus ameua ili asiwepo Caesar mwingine. Hapo ndipo Shakespeare anapoonyesha mapema kwamba hadhira hii iko tayari kwa mlumbi yeyote.

4.0 HOTUBA YA ANTONY: UFUNDI NA HILA

Antony anasimama katika hali ngumu. Ameruhusiwa kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji, na hadhira imekwisha kumwamini Brutus. Ufundi wake unaweza kugawanywa katika mbinu nne.

4.1 Takriri inayozaa kinaya

Antony anamtaja Brutus kuwa mtu wa heshima. Analirudia neno hilo tena na tena, na kila mara analiweka baada ya habari inayolipinga: Caesar alijaza hazina ya umma kwa fidia za mateka, Caesar aliwalilia maskini, Caesar alikataa taji mara tatu. Neno lenyewe halibadiliki, bali mazingira yake. Mwanzoni ni sifa, katikati ni shaka, mwishoni ni tusi, na raia ndio wanaolitamka tusi hilo, si yeye. Kwa njia hiyo sharti la Brutus halikuvunjwa kwa maneno, ingawa limevunjwa kwa maana.

Hata hivyo, ushahidi wake nao unafaa kupimwa. Kuhusu taji, Casca anasimulia katika Tendo la Kwanza kwamba Caesar alilisukuma kila mara kwa ulegevu zaidi, kama mtu ambaye vidole vyake havikutaka kuliachia. Antony anasimulia nusu ya tukio. Nusu ya ukweli ndiyo silaha yake kubwa kuliko uongo mtupu.

4.2 Kutaja kwa kukana

Antony anasema hakuja kumsifu marehemu, kisha anamsifu. Anasema hataki kuwachochea raia, kisha anawachochea. Anasema kwamba yeye si mlumbi kama Brutus bali ni mtu wa kawaida mwenye kusema anachokijua, na hayo anayasema katikati ya hotuba iliyopangwa kwa ustadi mkubwa. Mnenaji anayekana ufundi wake huwaondolea wasikilizaji tahadhari.

4.3 Vitu vinavyosema

Brutus alikuwa na maneno tu. Antony ana wasia, joho na maiti. Anautaja wasia na kukataa kuusoma, hata raia wanamwomba. Anashuka na kuwataka waizunguke maiti, hivyo kuwatoa katika hali ya watazamaji na kuwafanya waombolezaji. Kisha anaonyesha matundu ya joho, hili la Cassius, hili la Casca, hili la Brutus. Ni sehemu inayogusa sana. Lakini Antony hakuwapo Caesar alipochomwa. Trebonius alikuwa amemtoa nje kwa hila. Hawezi kujua tundu lipi lilitobolewa na nani. Hakuna raia anayeuliza.

4.4 Kimya na machozi

Katikati ya hotuba Antony anasita, akidai kwamba moyo wake umo jenezani. Kusita huko kunawapa raia nafasi ya kunong'onezana na kuthibitishiana. Ushawishi haushuki kutoka jukwaani pekee. Huenea pia kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, na anayeupata kwa jirani hudhani ni wazo lake mwenyewe.

Baada ya hayo umati unataka kulipiza kisasi, kuchoma na kuua. Wanapoanza kuondoka, Antony anawarudisha na kuwakumbusha wasia waliokuwa wameusahau: drakma 75 kwa kila raia, na bustani za Caesar zilizo kando ya mto Tiber ziwe za watu wote. Hasira inatiwa muhuri wa faida.

5.0 BAADA YA HOTUBA: CINNA NA WASIA

Vitabu vingi vya mwongozo hufunga uchambuzi hapa na kumtangaza Antony mshindi. Tamthilia yenyewe haifungi hapa.

Katika Onyesho la Tatu, ambalo ni fupi sana, mtu mmoja anatembea njiani. Umati unamzunguka na kumhoji: jina lake nani, anakwenda wapi, anakaa wapi, ameoa au hajaoa. Anasema jina lake ni Cinna. Mmoja wa wauaji anaitwa hivyo pia. Anajitetea kwamba yeye ni Cinna mshairi, si yule mwingine. Wanaambiana kwamba basi auawe kwa sababu ya mashairi yake mabaya, na kwamba jina lake linatosha. Anauawa.

Onyesho hili ndilo hukumu ya hotuba iliyotangulia. Antony aliwataja wahusika waliojulikana kwa majina, tena wachache. Moto aliouwasha ulimfikia mtu ambaye kosa lake ni jina. Katika siku za Januari 2008, kwenye vizuizi vya barabarani katika Bonde la Ufa, wasafiri walitakiwa kutoa vitambulisho ili jina lisomwe na kabila lijulikane. Mwanafunzi anayelijua hilo haelezwi tena kwa nini Shakespeare aliliweka onyesho la Cinna mahali pale.

Ushahidi wa pili umo katika Tendo la Nne, Onyesho la Kwanza. Antony, Octavius na Lepidus wameketi mezani wakiandika orodha ya watakaouawa. Antony anakubali mpwa wake mwenyewe awemo. Halafu anaagiza wasia wa Caesar uletwe ili watazame namna ya kupunguza yale waliyoahidiwa watu. Wasia uliowaliza raia sokoni sasa ni gharama ya kupunguzwa. Mwalimu asiyefika hapa amewaacha wanafunzi wake pale pale walipoachwa raia wa Roma, wakiamini hotuba bila kuona hesabu yake.

6.0 SITIARI INAYOFICHA KITENZI

Kabla ya mauaji, Brutus anawataka wenzake waonekane watoa kafara, wala si wachinjaji, na anatumaini kwamba umma utawaita watakasaji, si wauaji. Antony, akiwa peke yake na maiti, anaizungumzia kwa ritifaa na kuwaita watu haohao wachinjaji. Kitendo ni kimoja, majina ni mawili, na kila jina lina hukumu yake tayari.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana mchango wa pekee. Mwezi Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa nchini Kenya ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya uchochezi kuelekea uchaguzi wa mwaka huo. Miongoni mwake yalikuwamo madoadoa, kwekwe na mende. Kamusi haioni ubaya wowote katika maneno hayo. Ubaya umo katika kitenzi ambacho kila neno linakidai. Doa hufutwa. Kwekwe hung'olewa. Mende hupondwa. Mnenaji anapowaita watu madoadoa hana haja ya kuagiza chochote, kwa sababu lugha yenyewe imekwisha kuagiza, naye anaweza kusema mahakamani kwamba hakumtuma mtu. Ndivyo ilivyokuwa Rwanda mwaka 1994, ambako neno la mende, inyenzi, lilitumiwa redioni dhidi ya Watutsi hadi mauaji yakaonekana kama kazi ya usafi.

Sheria imejaribu kuliziba pengo hili. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliifanya kauli ya chuki kuwa kosa, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza lakini inautenga na uchochezi wa ghasia na kauli za chuki. Hata hivyo, sheria humfuata mnenaji baada ya kusema. Elimu ya balagha humfikia msikilizaji kabla hajatenda.

7.0 PINGAMIZI MBILI

Pingamizi la kwanza ni kwamba hotuba hizi ni hatari kufundishwa katika eneo lenye majeraha, na kwamba afadhali mwalimu achague kazi isiyotonesha kidonda. Pingamizi hili lina uzito. Si haki mwanafunzi kulazimishwa kusimulia darasani yaliyoipata familia yake, hasa akiwa ameketi na wenzake wa jamii nyingine. Lakini hiyo ndiyo faida ya tamthilia ya mbali. Roma si Molo wala Kuresoi. Hakuna mwanafunzi ambaye babu yake alikuwa upande wa Cassius. Umbali huo unampa kila mmoja nafasi ya kuhukumu bila kujitetea.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Inaweza kusemwa kwamba malalamiko ya Antony ni ya kweli: rafiki yake ameuawa bila kesi. Vivyo hivyo malalamiko mengi ya ardhi katika Bonde la Ufa yana msingi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Je, anayelalamikia haki yake aitwe mchochezi? La. Lakini ukweli wa malalamiko hauhalalishi kila ombi linalofungwa nyuma yake. Kuuliza kama kauli ni ya kweli hakutoshi. Msikilizaji auliza pia: ninaombwa kutenda nini, juu ya nani, na ni nani atakayefaidika nikitenda? Raia wa Roma wangeuliza maswali hayo matatu, Cinna angefika alikokuwa akienda.

8.0 MAPENDEKEZO YA KUFUNDISHA

Somo linaweza kugawanywa katika vipindi vinne vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza: Hotuba zote mbili zisomwe kwa sauti, darasa zima likiwa umati. Wanafunzi watatu waagizwe mapema wasishangilie, bali waandike kila mahali ambapo raia alipaswa kuuliza swali.

Kipindi cha pili: Mbinu zichambuliwe kwa jedwali la safu tatu: mbinu, athari yake kwa hadhira, na kile inachokificha. Safu ya tatu ndiyo inayokosekana katika masomo mengi.

Kipindi cha tatu: Lisomwe onyesho la Cinna, kisha mwanzo wa Tendo la Nne. Wanafunzi warudie jedwali lao na kuona ni mbinu zipi wangezisifu tena.

Kipindi cha nne: Kila mwanafunzi aandike hotuba ambayo Shakespeare hakuiandika, ya raia mmoja anayesimama kabla umati haujaondoka na kujaribu kuuzuia. Iwe na takriri, swali la balagha na kitu cha kuonyeshwa, yaani zana zilezile za Antony. Zoezi hili linaonyesha kwamba balagha haina upande. Kisu kinachojeruhi ndicho kinachomenya viazi.

Kwa walimu wa Kiswahili, zoezi linaweza kulinganishwa na Kigogo ya Pauline Kea, kilichokuwa kitabu teule cha KCSE kuanzia 2018, ambamo mtawala, wapambe wake na watetezi wa haki hushindania sikio la umma. Katika jamii za eneo hili pia kuna desturi inayofaa kutajwa: kokwet ya Wakalenjin, baraza la ujirani ambalo hujadili shauri hadharani mpaka muafaka upatikane. Uwanja wa Roma ulikosa jambo hilo. Wanenaji walikuwa wawili, na hakuna raia aliyepewa zamu ya kujibu.

9.0 HITIMISHO

Makala yameonyesha kwamba hotuba ya Brutus inaficha ukosefu wa ushahidi kwa ulinganifu na maswali yasiyojibika, na kwamba hotuba ya Antony inaongoza hasira kwa nusu ya ukweli, vitu na ahadi. Hotuba zote mbili zilifaulu kwa sababu hadhira haikuuliza. Anayezisoma bila kufika kwa Cinna amesoma ushindi bila kuona gharama yake. Kwa mwanafunzi wa Sachangwan, ambaye uchaguzi mwingine hauko mbali naye, uwezo wa kuhesabu mbinu ni alama za mtihani. Uwezo wa kumwambia jirani yake "ngoja kwanza, alijuaje?" unaweza kuwa uhai wa mtu.

MASWALI YA MJADALA

1. Linganisha jibu la umati kwa swali la Brutus na minong'ono yake Antony anaposita. Ni lipi lililo hatari zaidi, na kwa nini?

2. Tafuta maneno matatu ya Kiswahili yanayotumiwa kwa watu kisiasa, kisha utaje kitenzi ambacho kila moja linakificha.

3. "Antony hakudanganya." Jadili kauli hii ukirejelea taji, joho na wasia.

4. Je, mfasiri aliye kiongozi wa nchi ana wajibu wowote wa pekee anapoifasiri hotuba ya uchochezi? Toa sababu.